Siku nne peke yako ziwani: kulala, kula na kuongoza tanga kutoka Kipili hadi Kigoma

Mpwa wangu ameniomba mashua. Anataka kuirudisha peke yake kwa Ziwa Tanganyika, kutoka Kipili hadi Kigoma, msimu huu wa kusi, yaani upepo wa kusini. Aliponijia na maswali yake alianza na upepo, akaja kwenye mawimbi, akamalizia na bei ya mchele wa kule. Usingizi hakuutaja. Nimesafiri njia hiyo peke yangu mara tisa, na kila nilipokaribia kupoteza chombo, upepo ulikuwa wa kawaida tu. Mimi ndiye niliyekuwa nimechoka. Kwa hiyo namwandikia yeye, na kijana yeyote wa Ujiji, Katonga au Kibirizi mwenye nia kama yake. Mkiona nazungumzia kulala kuliko tanga, mjue nimekusudia.

Kwanza hesabu. Mashua yangu ni ya mbao za mninga, urefu mita saba, mlingoti mmoja, tanga la foromali (mti wa juu unaobeba tanga), injini haina. Kipili hadi Kigoma ni karibu kilomita 300. Kusi likiwa mgongoni na magunia sita ya mchele yakiwa chini kama farumi, uzito wa kuituliza mashua, inakwenda kama kilomita saba kwa saa. Hiyo ni saa arobaini na kitu za kutembea. Ukitembea saa kumi na mbili kwa siku, unafika siku ya nne. Wapo wanaofika kwa siku mbili bila kufumba jicho. Msiwaige.

Kwenda kusini kwa tanga msimu huo sishauri. Kusi huvuma tangu Mei hadi Septemba, na ziwa letu limelala kaskazini kwa kusini kwa urefu wa kilomita 673, hivyo wimbi linalozaliwa upande wa Zambia lina njia ndefu ya kukua kabla halijakufikia. Mimi nalipa boti ya mizigo inivute mpaka Kipili, kisha narudi na upepo. Na masika usiondoke peke yako hata ukibembelezwa. Dhoruba ya radi inashuka kutoka milimani ghafla, na mikono miwili haitoshi kutua tanga na kushika usukani kwa wakati mmoja.

Halafu chagua mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa sababu taa ndiyo mtego wao. Mbalamwezi ikiwaka wanabaki nchi kavu wanashona nyavu. Usiku wa giza ziwa linajaa taa kama mji, na kati ya taa hizo zinapita boti za abiria zisizo na taa hata moja. Mtu mmoja aliyechoka hawezi kuyaona yote. Ondoka Kipili mwezi ukiwa na siku kumi na moja au kumi na mbili, upate usiku nne zenye mwanga. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, nilisafiri usiku mbili mfululizo bila kuona taa yoyote. Nililala vizuri, ila nilijua pia kwamba nikipata shida hakuna wa kunisikia.

Kabla hujaondoka, waachie viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia mwalo na uvuvi wake, siku yako ya kuondoka na siku unayotarajia kufika, umpe na mtu mmoja wa nyumbani Kigoma habari hiyo hiyo. Sikiliza utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, kuhusu maziwa. Cheti cha ukaguzi cha chombo kiwe ndani ya nailoni. Simu mbili, pawa benki iliyojaa, na usitegemee mtandao katikati ya Kalya na Buhingu.

Lala mbali na nchi kavu

Hili ndilo linalowashangaza vijana. Mtu akichoka moyo wake unamvuta pwani, aone miti, asikie mbwa. Lakini mwenye tanga hauawi na maji ya kina. Chini yako kukiwa na mita elfu moja, mashua haiwezi kugonga kitu. Kinachovunja chombo ni mwamba, na mwamba uko pwani.

Wanaovuka bahari kuu peke yao wanalijua hili. Joshua Slocum, wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya 1895 na 1898, aliweza kufunga usukani wa Spray, chombo chake, akaenda kulala, kwa sababu mbele yake palikuwa na maji matupu kwa maelfu ya kilomita. Hata leo, anayevuka Atlantiki kutoka Visiwa vya Canary kwenda Karibi ana kama wiki tatu za kukaa majini. Akiwa karibu na pwani au njia ya meli kubwa analala vipande vya dakika ishirini, akifika katikati anajipa usingizi mrefu zaidi. Sababu ya dakika ishirini ni jicho. Ukisimama kwenye chombo kidogo unaona maji mpaka kama kilomita tano. Meli ya bahari inakwenda kasi sana, na ile ambayo hukuiona unapojilaza inaweza kuwa juu yako baada ya dakika ishirini hivi. Huku kwetu boti ya abiria inakwenda polepole kuliko meli, lakini iko chini majini na usiku haina taa, kwa hiyo hesabu inarudi pale pale.

Tofauti yetu na Slocum ni moja na ni kubwa: mashua ya foromali haijiongozi upepo ukiwa nyuma. Funga usukani utoke dakika tano kuchemsha chai, sawa. Ukilala, tanga litapinduka upande wa pili na foromali itakufuata kichwani. Ukitaka kulala, tua tanga na utupe gunia la kuishika mashua majini.

Gunia ninalosema tunalishona wenyewe kwa turubai la lori. Kata na ushone mfano wa faneli: mdomo wa sentimita tisini, tundu la nyuma la sentimita kumi, urefu mita moja na robo. Mdomoni pitisha pete ya nondo nyembamba iliyoviringishwa, kisha kamba nne fupi zinazokutana kwenye fundo moja. Hapo ndipo unafunga kamba yako ndefu, mita arobaini, unene wa kidole. Mkiani funga kamba nyembamba ya kulivutia ndani. Bila hiyo utavuta maji ya ziwa zima asubuhi. Dumu tupu la lita tano lifungwe mdomoni kwa kamba ya mita tatu ili gunia lisizame mno. Gunia unalitupa kutoka omo, mbele ya mashua, nayo inageuka yenyewe ikatazama wimbi, na zile kelele za mbao na kamba zinapungua mpaka unasikia maji yanavyoteleza ubavuni. Pale kamba inapopita kwenye ukingo wa mbao, izungushie mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Mara ya kwanza sikuweka. Nilipoamka nyuzi mbili kati ya tatu zilikuwa zimekatika, na ile ya tatu ilikuwa imeanza kuota manyoya.

Ukiwa umetupa gunia, kusi linakusukuma polepole kuelekea kaskazini, ambako ndiko unakokwenda, kwa hiyo usingizi wako haupotei bure. Kuna jambo la kuzingatia, nalo ni upepo wa milimani. Usiku hewa inashuka kutoka kwenye milima yetu na kukusukuma magharibi, kuelekea mpaka wa Kongo. Mchana unageuka, unatoka ziwani kwenda pwani. Kwa hiyo usiku ujilaze ukiwa kilomita kumi hivi kutoka nchi kavu, na mchana ujilaze ukiwa mbali zaidi ya hapo.

Sheria hii niliilipia. Katika safari yangu ya pili nilikesha Kipili napakia mzigo na kuaga watu, nikaondoka alfajiri bila kulala. Siku ya kwanza nilijiona mzima. Ya pili, ya tatu, nguvu bado zipo, au nilidhani zipo. Nilipofika karibu na Rasi Kabogo saa tisa mchana nilikuwa kilomita mbili tu kutoka nchi kavu, upepo umelegea, nikafunga usukani nikasema nikae kidogo. Niliamshwa na mlio wa maji ndani ya mawe. Ni mlio mzito, kama mtu anayekohoa ndani ya pipa. Nilipofungua macho mwamba ulikuwa umbali wa kurusha kofia, wimbi lilinyanyua tezi, nyuma ya mashua, usukani ukapiga jiwe ukavunjika kwenye bawaba. Nilisukuma kwa upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, mpaka mikono ikatoka damu. Wavuvi wa Sigunga walinivuta, nikakaa kwao siku mbili nikichonga usukani mpya, wakanilisha na hawakutaka hata shilingi. Kosa sikulifanya pale Kabogo. Nililifanya Kipili, siku tatu nyuma, nilipokataa kulala.

Siku inavyokwenda

Mimi ni mtu wa Ujiji, siku yangu naigawa kwa swala, na asiyeswali anaweza kutumia vipindi hivyo hivyo kama saa.

Naamka saa nane usiku, mwezi ukiwa unaelekea Kongo. Navuta gunia, natweka tanga dogo. Beba matanga mawili. Usiku ni dogo tu, hata upepo ukikubembeleza. Natembea na upepo wa milimani mpaka Alfajiri, inayoingia kwetu saa kumi na mbili kasoro. Naswali nimekaa, na safarini ruhusa ipo ya kupunguza na kuunganisha, itumieni. Kitu kimoja ninachokipenda kuliko vyote katika safari hii: ukirudi na kusi, omo ya mashua inatazama karibu na kibla, Makka ikiwa mbele kidogo kwa mkono wa kulia. Unatembea na unaswali kuelekea upande mmoja.

Jua likitoka, baada ya saa moja, ndipo napika. Huo ndio mlo mkubwa. Jiko la mkaa liko ndani ya sanduku la mbao lililojaa mchanga, limefungwa kwa waya, chini ya kivuli cha tezi. Ugali wa muhogo, dagaa waliokaangwa nyumbani, mawese kidogo, tangawizi kwenye chai. Pika wa kutosha siku nzima, maana mchana wimbi likikua hutathubutu kugusa sufuria ya moto. Kutwa natafuna kiporo, ndizi na karanga. Usishibe sana kabla ya jioni. Shibe inaleta usingizi saa usiyoipanga.

Maji ya kunywa ni lita nne kwa siku, nabeba dumu moja la lita ishirini yaliyochemshwa. Ziwa ni la maji baridi, na katikati yanaonekana safi kama ya mvua, lakini mialo yetu imeshaonja kipindupindu mara nyingi. Dumu likiisha, chota mbali na pwani kisha uchemshe au utie dawa ya maji. Weka pia chumvi na sukari kwenye chupa kavu: lita moja ya maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko sita vya chai vya sukari. Tumbo likiharibika na uko peke yako, kinywaji hicho ndicho kitakachokufikisha.

Baada ya kula, kazi za chombo. Kukumba maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya mashua, na kuhesabu ndoo. Mimi huandika kwenye daftari: ndoo tatu jana, tatu leo, salama. Zikiwa sita, tafuta pamba iliyotoka kati ya mbao, uisindilie upya na mawese. Kagua kamba ya foromali pale inaposuguana na mlingoti. Anika blanketi.

Saa tano na nusu natua tanga, natupa gunia, nalala vipande vitatu vya dakika ishirini mpaka saa saba, Adhuhuri inapoingia. Nalala hata kama sina usingizi. Hapo ndipo vijana wengi wanashindwa, kwa sababu jua linawaka, upepo ni mzuri, na roho inakwambia endelea. Lala. Saa yako ya mkononi iwe na kengele mbili na uiweke ndani ya sufuria tupu ili ilie kwa nguvu. Kila ikilia, simama, zunguka kwa macho duara zima, angalia nyuma kwa makini kuliko mbele, kisha rudi chini.

Mchana ni tanga kubwa na usukani mkononi mpaka saa kumi na mbili jioni. Magharibi inaingia saa moja. Kabla giza halijashika, kila kitu kirudi mahali pake: tochi mfukoni, kisu kiunoni, taa ya sola juu ya mlingoti imewashwa. Isha, kisha gunia, kisha kulala kuanzia saa tatu mpaka saa nane, bado kwa vipande. Penye taa za wavuvi, dakika ishirini. Pasipo na taa yoyote na mwezi ukiwaka, najipa saa moja.

Usiku wa Juni na Julai ni baridi ziwani kuliko mnavyofikiri, upepo unapita kwenye nguo mbichi. Seti moja ya nguo kavu, kofia ya sufu na soksi ziwe ndani ya nailoni mbili na zisivaliwe isipokuwa wakati wa kulala.

Usianguke

Ukianguka ukiwa peke yako mashua inaendelea na safari, wewe unabaki. Funga kamba kiunoni muda wote tanga likiwa juu, fupi kiasi kwamba huwezi kufika majini. Wengi huanguka wakienda haja ndogo, wamesimama ukingoni, mkono mmoja umeshika kamba. Piga magoti, tumia kopo. Haja kubwa, ndoo, katikati ya chombo. Hakuna mwenye kukuona.

Laifu jaketi vaa, lakini kwanza ijaribu. Niliwahi kununua moja mjini, rangi nzuri, mikanda mizuri. Nilipoiloweka pwani kwa muda wa saa tatu ilizama kama taulo. Ndani walikuwa wamejaza sponji la godoro. Nilirudi dukani wakaniambia mali iliyouzwa hairudishwi. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nyingine za aina ile zilikuwa zimening'inia pale pale na watu walikuwa wananunua. Iloweke yako usiku kucha, na jiwe la kilo tatu juu yake. Ikielea asubuhi, ni yako.

Siku ya tatu

Siku ya tatu kwa kawaida uko usawa wa hifadhi ya Mahale. Mlima Nkungwe, mita 2,462, unasimama upande wa kulia tangu asubuhi na jioni bado upo, unaona kama husogei. Hapo usiteremke, maji ya hifadhi yanafika kilomita 1.6 kutoka pwani, na bila kibali huna ruhusa ya kutia nanga wala kuvua. Hapo ndipo upweke unapokaa na mtu.

Nilisikia sauti ya marehemu mama pale, katika safari ya nne. Aliniita jina la utotoni, mara mbili, kutoka upande wa omo, kwa sauti ile aliyokuwa akitumia chakula kikiwa tayari. Nilimjibu. Nilinyanyuka kabisa nimfuate, kamba ya kiunoni ikanirudisha. Nilikaa chini nikalia, kisha nikatua tanga nikalala saa mbili nzima, na nilipoamka palikuwa na upepo tu. Mabaharia wa bahari kuu nao husimulia kuona watu na kusikia maneno wakikosa usingizi siku kadhaa. Kwa hiyo mpwa wangu, ukimsikia bibi yako, usiogope na usijione umerogwa. Mwombee dua, tua tanga, lala.

Vinginevyo, ongea. Soma Kurani kwa sauti, imba, itangazie mashua habari za upepo. Simu ikishika mtandao piga nyumbani, lakini dakika mbili tu na jua likiwa juu. Ukipiga usiku, ukimaliza giza linakuwa zito kuliko lilivyokuwa. Daftari linasaidia kuliko simu. Andika saa, upepo, mlima unaouona, ulichokula, ulilala vipande vingapi. Vipande vya dakika ishirini (saa moja ni vitatu) vikiwa chini ya kumi na mbili kwa usiku na mchana wake, kesho yake punguza kutembea.

Kufika

Ukipita Kabogo kaa mbali, kilomita kumi na tano, hata kama unaona moshi wa watu unaowafahamu. Baada ya hapo mto Malagarasi unatia matope ziwani, maji yanageuka kahawia na magogo yanaelea, hivyo pita eneo hilo mchana.

Taa za Ujiji utaziona usiku wa mwisho, na utatamani kuingia. Usiingie. Chombo kinachofika gizani na mtu mmoja aliyechoka ndicho kinachovunjika mlangoni kwake. Tupa gunia mbele ya Rasi Bangwe, mbali na njia ya boti, ulale kama siku nyingine zote. Subiri Alfajiri, chemsha chai, tweka tanga dogo, uingie jua likiwa limetoka na watu wako mwaloni wa kushika kamba. Ukikanyaga mchanga miguu itayumba. Shika bega la mtu mpaka itulie. Waambie BMU umefika kabla hujaanza kuuza mchele. Mimi nitakuwa Katonga tangu siku ya nne asubuhi, nimekuja na pamba na mawese ya kuziba mbao, na nitataka kuliona daftari kwanza.